Wapangaji wa Paji la Simu

Kinyozi ndiye aliyeanza, ingawa hakujua kuwa anaanzisha jambo. Alikuwa na mteja chini ya shuka, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alipozima mashine, akachukua simu yake rafuni, akaikodolea macho na kukiuliza chumba kizima: "Hivi hii herufi N imeingia lini hapa juu?"

Hakuna aliyejua. Mteja wa chini ya shuka alisema huenda ni mambo ya mtandao. Mzee mmoja kwenye benchi alisema ni N ya namba, lakini hakueleza namba ya nini. Wa tatu alisema hata yeye anayo, akaitoa simu mfukoni, akaitazama. Kikafuata kimya cha watu wanaojikumbusha mmoja mmoja ni akina nani katika maisha yao ambao majina yao yanaanza na herufi hiyo.

Pembeni, chini ya feni, alikaa mtu ambaye hakuja kunyolewa. Walimwita Laini. Wengine walisema ni kwa sababu ya mashati yake, ambayo hayakuwahi kuonekana na kunyanzi. Wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi. Waliomjua tangu zamani walikumbuka kwamba aliwahi kuuza laini za simu kando ya barabara, chini ya mwavuli ulioazimwa. Wote walikuwa sahihi. Baada ya mwavuli kudaiwa na mwenyewe, Laini aliuza spika za masikioni zilizofanya kazi sikio moja, kisha akauza hisa za kiwanda cha mikate ambacho hakikuwa na tanuri. Hakuwahi kuwa na duka. Alifanyia kazi kwenye kaunta za watu wengine, akiegemea kiwiko kimoja, tayari kuhama mwenye kaunta akikohoa. Kitu alichokitaka kwa dhati hapa duniani kilikuwa kimoja: chumba cha biashara chenye mlango wake na kufuli lake, na ndani yake kiti ambacho hakuna mtu angemwomba apishe.

Ile herufi Laini hakuishughulikia. Alizitazama nyuso. Akanyanyuka taratibu, akaikunjua mikono ya shati.

"Kaka," alimwambia kinyozi, "hiyo N yako imekaa kulia au kushoto?"

"Kulia."

Laini akashusha pumzi kama daktari aliyesoma majibu na kuona kuna tumaini. "Basi bado haijatia mizizi. Lete."

Ndani ya simu nyingi, chini kabisa ya mipangilio ya kioo, kuna ukurasa wa swichi ndogo ndogo. Kila swichi ina alama yake: kengele, ndege, betri, saa, na hiyo N. Ukizima swichi, alama yake haionekani tena kwenye ule ukanda mwembamba wa juu. Ukurasa huo haujafichwa. Uko tu mahali ambapo mtu mwenye kazi ya kufanya hawezi kufika. Laini hakuwa na kazi ya kufanya, kwa hiyo alishafika.

Hapa ukweli uwekwe wazi, maana utahitajika mbele ya safari. Swichi zile haziondoi kitu. Kengele uliyoitegesha italia hata kama alama yake huioni, na simu uliyoiweka katika hali ya ndege itabaki bubu hata kama kindege hakionekani. Ni sawa na kung'oa kibao cha duka: kibao hakipo, lakini ndani watu wanaendelea kuuza na kununua. Laini alilijua hilo vizuri kabisa. Ndiyo maana alimgeuzia kinyozi mgongo alipokuwa akibonyeza.

Alipoirudisha simu, N haikuwepo.

"Imekwenda wapi?" kinyozi aliuliza.

"Ilikotoka."

Siku hiyo Laini alinyolewa bure, na kabla shuka halijakung'utwa benchi zima lilikuwa limeshika simu mkononi. Yule mteja wa nusu kichwa alikataa kumaliziwa kunyolewa mpaka na yeye ahudumiwe.

Kazi nzuri huhitaji maneno yake, na Laini alikuwa fundi wa maneno. Ukanda ule wa juu aliuita paji la simu. Alama zilizokaa pale aliziita wapangaji. Kwa nini betri inaisha mapema? Wapangaji. Kwa nini bando linayeyuka hata hujafungua kitu? Wapangaji. Kwa nini mkeo anajua ulikuwa wapi jana? Hapo Laini aliitazama tu simu ya mwenye swali kwa huruma. "Umewahi kuwakaribisha?" aliuliza. "Umewahi kupokea kodi? Basi wanakaa humo kwa idhini ya nani?"

Watu walishuhudia. Fundi viatu alisema tangu asafishwe simu yake imekuwa nyepesi mkononi. Mwalimu mmoja alisema usingizi umerudi. Muuza magodoro aliibonyeza hali ya ndege bila kujua, na kwa kuwa kindege kilishafutwa pajini, alikaa siku nzima akiamini kwamba wakwe zake wamemsahau. Alimpelekea Laini wateja sita kwa shukrani.

Kinyozi ndiye aliyerudi na malalamiko. Aliomba alama ya betri nayo iondolewe, kwa sababu kila ilipogeuka nyekundu ilimharibia siku. Ikaondolewa. Kwa muda alifurahia simu isiyoishiwa chaji, mpaka ikazimika katikati ya mazungumzo.

"Ilizimikaje?" Laini aliuliza.

"Ghafla tu, naongea na shemeji."

"Bila kuhangaika?"

Kinyozi alifikiri. "Bila."

"Basi imekwenda kwa amani, kaka. Ni simu ngapi zinapata bahati hiyo?"

Kinyozi alikubali kwamba si nyingi.

Tangazo kubwa la Laini lilikuwa simu yake mwenyewe. Paji lake alilisafisha hadi mwisho, hakuacha hata saa. Aliinyanyua mbele ya mteja na kusema, "Tazama. Uwanja mtupu." Ilikuwa kweli. Palikuwa peupe kama ukuta wa hospitali. Gharama yake ni kwamba mtu huyu aliyebeba simu kutwa nzima aliwauliza wapita njia saa ngapi, na hakuwa na njia ya kujua kama ana mtandao isipokuwa pale alipopigiwa. Lakini alikuwa akipigiwa. Yeye hakupiga, maana kupiga kunatumia salio. Wateja walimtafuta, simu ikaita, na Laini akaenda. Biashara nzima ilisimama juu ya mlio huo.

Siku moja mlio huo ulimpeleka kwa Mama Mapazia.

Duka lake lilikuwa mwisho wa ujia mrefu nyuma ya jengo la ghorofa tatu, chumba kisicho na dirisha. Mjini kulikuwa na watu walioona hilo ni kichekesho, mshona mapazia asiye na dirisha, lakini hawakumwambia usoni. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, kamba ya kupimia shingoni na pini midomoni, ndiyo kwanza amerudi kutoka kupima madirisha ya mteja. Mdogo wake wa kike alikuwa kwenye cherehani, akiunga upindo wa kitambaa kirefu kilichojaa sakafuni.

Laini alimwamkia kwa adabu zote, akaomba simu. Akaanza kuwataja wapangaji mmoja mmoja kwa mpangilio wa ubaya. Mama alisikiliza bila kutoa pini. Ilipobaki alama moja, alinyoosha kidole cheupe kwa chaki.

"Na huyu mwenye mshale?"

Ilikuwa picha ndogo ya mkonga wa simu, na kamshale kanatokea ubavuni kuelekea nje. Laini hakuwahi kuiona alama hiyo tangu azaliwe, na kwa sababu hiyo aliieleza kwa kirefu.

"Huyu, mama, ndiye mkubwa wao. Wale wengine wanakula chaji tu. Huyu simu zako zinapoingia anazidaka mlangoni, anazipeleka kwa mtu mwingine."

Mama Mapazia alitoa pini, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake. "Kwa mtu mwingine," alirudia. "Mtu gani?"

"Mara nyingi ni mwanamke. Na mara nyingi," Laini alishusha sauti, "ni mtu wa karibu sana."

Mama aligeuka akamtazama mdogo wake. Mdogo mtu aliinamia cherehani, mabega yakimtetemeka. Laini aliona na akajipongeza kimoyomoyo: amegusa donda ndugu bila hata kutafuta.

"Ukimtoa, anatoka kabisa?" Mama aliuliza.

"Kabisa. Hutamwona tena."

"Mtoe."

Laini akatoa. Mama aliomba aonyeshwe ukurasa wenyewe ulipo, Laini akamjibu kwa upole kwamba hiyo ni siri ya kazi, kama vile yeye asivyoweza kumuuliza kitambaa anakinunua wapi. Mama akasema ni kweli, mwanangu. Lakini kidole gumba cha Laini kilipopita kwenye kioo, macho yake yalikifuata hatua kwa hatua. Yalikuwa macho yaliyozoea kukadiria upana wa dirisha kutoka upande wa pili wa barabara. Alilipa bila kuomba kupunguziwa. Mtu makini angeshtuka hapo. Laini aliona ni heshima tu.

Jengo lile la ghorofa tatu lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na simu.

Mwenye Jengo aliishi ghorofa ya juu ili awaone wapangaji wake wakitoka na kuingia. Alikuwa mzee mkavu, mwepesi wa kukasirika, asiyeandika ujumbe wa simu hata siku moja, kwa maoni yake kwamba maandishi hubaki na maneno hupotea. Akiwa na jambo hupiga. Na hupiga mara moja. Asipopokelewa, jambo limekwisha, na mtu huyo hamjui tena. Fundi bomba wa jengo alipoteza kazi kwa sababu alikuwa amekwenda msalani.

Laini alipanda ngazi zote amevaa shati lake jeupe. Hakuhitaji maneno mengi. Alimwomba mzee simu, akamwonyesha paji lililojaa alama mpaka nyingine zimekosa nafasi na kugeuka nukta, na akamuuliza kwa unyenyekevu: "Mzee, hawa wote ulisaini nao mkataba?"

Uso wa Mwenye Jengo ulibadilika rangi. Alikuwa amewatoa watu kwa kuchelewa, kwa kupika na kwa kucheka ngazini. Kwamba kundi zima limejipenyeza kwenye simu yake mwenyewe, katika chumba chake cha kulala, bila mkataba wala malipo, lilikuwa jambo lililomgusa pabaya. "Toa," alisema. "Wote. Usimwachie hata mmoja mzigo wake."

Paji lilipobaki tupu, mzee aliliangalia kwa muda mrefu. Hakuwa ameona kitu kizuri hivyo tangu ghorofa ya pili ihame yote kwa mpigo. Akatamani zaidi. Kulikuwa na simu za wanawe, ya mhasibu, ya mlinzi, za wajukuu. Wapangaji wanarudi, sivyo? Laini alikiri kwa masikitiko kwamba wanarudi, hasa baada ya mvua. Basi anahitajika mtu wa karibu, wa kudumu, mzee alisema. Chini pale, kona, kulikuwa na chumba kitupu chenye dirisha pana linalotazama njia panda. Wengi walikuwa wamekiomba. Yeye angempa mtu wa kusafisha simu akae bure mwaka mzima, akihudumia familia.

Laini alikijua chumba hicho cha kona. Alikuwa amekipita mara nyingi, akipunguza mwendo kila alipofika penye lile dirisha.

"Nitazungumza na mama watoto," Mwenye Jengo alisema. "Tukikubaliana nitakupigia. Napiga mara moja."

Mtu mwenye busara angekwenda nyumbani akanyamaza. Laini aliteremka ngazi akiwa amevimba kichwa, na miguu ikampeleka yenyewe kwenye ujia wa nyuma, kwa Mama Mapazia, kuagiza pazia la chumba ambacho bado hakupewa.

"Dirisha la kona?" Mama alisema. Hakuandika kitu. "Vipimo vyake ninavyo kichwani."

Alikuwa anavyo kwa sababu alikiomba chumba kile tangu siku mwenye duka la miwani alipohama. Alikwenda kwa Mwenye Jengo na maombi, kisha na keki, kisha na mapazia ya sebule kwa bei ya hasara. Mzee alipokea vyote, akasema atafikiri. Hayo Mama aliyasema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akamuuliza Laini amefanyaje yeye. Laini akamweleza, na hakuacha kitu: mkataba, mvua, mama watoto, na kwamba mzee atapiga mara moja.

"Mara moja tu," Mama alisema.

"Moja."

"Mungu akusaidie isikupite."

Kisha akamtolea Laini sampuli za vitambaa, furushi zima, akamwambia achague kwa utulivu, kwa kuwa pazia ndilo uso wa duka. Laini akawa na kijani mkono huu na zambarau mkono ule. Hapo Mama akakumbuka kwamba lazima amuulize mdogo wake, aliyekwenda sokoni, kama zambarau bado inapatikana. Simu yake haikuwa na salio. Laini hakufikiri mara mbili. Kwanza, alikuwa mtu mkubwa sasa, mwenye chumba. Pili, mikono ilikuwa imejaa. Akamwonyesha kwa kidevu mfuko wa shati.

Mama aliichukua, akatoka nayo ujiani kutafuta mtandao. Hakukawia. Alirudi akiipangusa kwa kipande cha kitambaa laini, akainyanyua mwangani.

"Paji lako safi kweli, mwanangu. Simwoni hata mmoja."

"Hata mmoja, mama."

"Na zambarau ipo."

Laini alichagua zambarau, akatoa kianzio cha malipo.

Kisha simu yake ikanyamaza.

Siku ya kwanza hakujali. Siku ya pili alisema Mwenye Jengo ni mtu wa kufikiri. Baada ya hapo alianza kutembea na simu mkononi badala ya mfukoni, akalala nayo sikioni, akawa hajifungii msalani bila kuiweka juu ya tangi la maji. Aliitazama. Uwanja mtupu. Hakukuwa na alama ya kumwambia kwamba kuna kasoro, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuza elimu ya kwamba pasipo na alama hapana kasoro. Kwa maneno mengine, alikuwa mteja wake mwenyewe, na aliyeridhika.

Kilichomshangaza ni kwamba hata wateja wa kawaida hawakupiga. Alilitafakari jambo hilo kwa uchambuzi. Akahitimisha kwamba mji wote umeshasafishika, na kwamba ni kosa la mtu aliyefanya kazi yake vizuri mno. Wazo la kwamba mji haukosi vumbi halikumjia.

Mwisho wa wiki nywele zilikuwa zimemzidi, akaenda kwa kinyozi. Kinyozi alimpokea kwa tabasamu pana, akamtandikia shuka kwa mbwembwe.

"Hongera, bwana. Umetuficha."

"Nimeficha nini?"

"Umeoa. Au ni karani? Nimekupigia mara tatu wiki hii, anapokea mwanamke. Sauti nzuri, ana adabu. Anasema, 'Usafi wa simu, karibu.' Jana amekuja mwenyewe na mkubwa wake, mama mmoja ana kamba shingoni, wamenirudishia alama ya betri. Bei yao nafuu kidogo kuliko yako."

Laini alinyanyuka na shuka lake. Alivuka barabara nalo shingoni likipepea nyuma kama bendera, na magari yakampigia honi. Hakusimama mpaka alipofika njia panda.

Chumba cha kona kilikuwa wazi. Dirishani lilining'inia pazia la zambarau, limeshonwa kwa ustadi, mikunjo yote sawa. Alilitambua. Kianzio chake kilikuwa humo. Ndani, kwenye mwanga ambao lile duka la ujiani halikuwahi kuupata, Mama Mapazia alikuwa amekaa kwenye kiti, na mdogo wake kwenye cherehani. Ukutani palibandikwa karatasi: Mapazia. Usafi wa Simu.

"Karibu, mwanangu," Mama alisema. "Vua shuka ukae."

Laini hakukaa. Aliuliza kama Mwenye Jengo alipiga.

"Alipiga. Mara moja, kama alivyosema. Mdogo wangu akapokea, akanipa. Mzee akamuulizia Laini. Nikamwambia Laini ni kijana wetu wa mtaani, yuko kazini, mimi ndiye mkubwa wa ofisi. Akafurahi kusikia kuna ofisi. Nikapanda na mkataba."

"Alipiga namba yangu."

"Namba yako, ndiyo."

"Simu yangu haikuita."

"Haikuita." Mama aliokota uzi kwenye sketi. "Nilipokuwa ngazini kwa watu, napima madirisha, mikono yote miwili juu, simu nitapokeaje? Kwa hiyo tangu miaka hiyo, nikitoka naielekeza kwa mdogo wangu. Unabonyeza nyota, namba fulani, namba ya mtu, unapiga, basi. Anapokea yeye. Na ikishakuwa hivyo, juu pale kinatokea kimshale. Siku ile ulipokuja ndiyo kwanza nimerudi, nilikuwa bado sijairudisha kwangu."

Laini aliitazama simu mkononi.

"Ulinieleza vizuri sana," Mama aliendelea. "Anazidaka mlangoni, anazipeleka kwa mwanamke, mtu wa karibu. Nikasema huyu kijana ana kipaji, anajua mpaka ukoo wangu. Ukamtoa. Ulipoondoka nikajaribu kujipigia kwa simu ya jirani. Ikaita wapi?"

"Kwangu," alisema mdogo mtu, na mabega yakaanza tena kutetemeka. Safari hii Laini aliona wazi kwamba ni kicheko.

"Ndipo nikakuelewa. Wewe na mimi tunauza kitu kimoja, mwanangu. Mimi pazia langu angalau lina pindo."

Laini alitumia sauti yake nzuri zaidi, ile ya hisa za mikate. Alimwita shangazi. Alisema yeye hana kinyongo, wanaweza kugawana chumba, yeye akae hata pale pembeni, karibu na mlango. La muhimu kwanza, huyo aliyemwekea kwenye simu amwondoe.

"Nani?" Mama aliuliza.

"Huyo mpangaji. Mwenye mshale."

Mama alinyoosha mkono, akaichukua simu ya Laini, akaielekeza kwenye dirisha lake pana na kulikagua paji kwa makini, upande hadi upande. Akamrudishia.

"Mimi simwoni mtu hapo," alisema.

Hoja ilikuwa ya Laini mwenyewe, imepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Aliweka shuka la kinyozi juu ya kaunta, akasikia Mama akikohoa, akaliondoa.

Nje, kwenye kona, aliegemea ukuta kwa kiwiko kimoja, akafungua ukurasa wa swichi. Akawasha moja baada ya nyingine. Saa ikarudi, akajua kwamba ni alasiri. Betri ikarudi, nyekundu. Kengele aliyoitegesha akiwa bado anauza spika ikarudi, na ile N, na bahasha ya ujumbe usiosomwa, na mwisho, kulia kabisa, mkonga mdogo wa simu na kamshale kake. Walipanga safu nzima wakamtazama.

Mpita njia, kijana wa heshima aliyebeba mfuko wa mboga, alipunguza mwendo, akachungulia kile kioo, akasikitika kwa dhati.

"Pole, kaka," alisema. "Wamekujaa hivyo, hata usingizi unapata? Ingia hapo kwenye pazia la zambarau. Kuna mama anawatoa."

Laini alilitazama pazia. Kisha, kwa mazoea tu, akamuuliza kijana kama simu yake ni nzima, na kama amewahi kuitazama ubavuni, pale penye tundu dogo ambalo hakuna mtu anayejua ni la nini.